Sikio la Mtoto na Amana ya Imani

Katika mambo yote ambayo wazee huwaachia watoto wao hapa duniani, imani ndiyo peke yake isiyoweza kuandikwa katika wasia. Nyumba hurithiwa, mashamba hugawanywa mbele ya mashahidi, na jina la ukoo hushuka toka kwa babu hadi kwa mjukuu hata kama mjukuu hakuliomba. Lakini mtoto wa mchungaji haamini kwa sababu baba yake ni mchungaji, wala binti wa mama mcha Mungu hapati uchaji kwa damu aliyozaliwa nayo. Kila kizazi cha Wakristo, tangu zama za mitume hata leo, kimelazimika kuipokea imani kwa mikono yake chenyewe, na kila kizazi kilichotangulia kimelazimika kujiuliza, aghalabu kwa hofu, kama kweli kimeikabidhi amana hiyo au kimekabidhi maneno yake tu.

Swali hilo lina uzito mkubwa katika nchi zetu, ambako makanisa yamejaa watoto. Jumapili asubuhi utawaona wakiandamana kwenda shule ya Jumapili, nguo zimepigwa pasi na nywele zimechanwa, na wengi wao wanazijua kwa moyo Amri Kumi, Sala ya Bwana na Kanuni ya Imani, wakiulizwa na mwalimu hujibu bila kusita. Ikapita miaka michache, wakapokea kipaimara kwa shangwe, picha na karamu, kisha wengi wakatoweka, hata mwinjilisti akaanza kuuliza habari zao majumbani kama aulizaye habari za waliosafiri. Wazee hulaumu simu, shule za bweni, maisha ya mjini na marafiki wabaya. Lawama hizo hazikosi ukweli, lakini hazifiki kwenye shina la jambo. Na shina lake, kwa kadiri niwezavyo kuliona, ni kwamba tumewazoeza watoto kusema habari za Mungu kabla hatujawazoeza kumsikiliza, na sisi wenyewe hatujawa tayari kuwasikiliza wao wanapotueleza walichosikia.

Usikivu wa kiroho si elimu ya siri iliyowekwa kwa ajili ya watawa na manabii. Ni tabia ya moyo wa kutulia mbele ya Mungu, Neno lake linaposomwa, sala inaposaliwa, dhamiri inapochoma, au mambo ya maisha yanapogeuka ghafula, hali mtu anaamini kwamba Mungu hunena na kwamba akinena hutiiwa. Wapo waliopata ndoto na maono, na Maandiko hayakanushi jambo hilo. Lakini kisa cha nabii Eliya katika mlima Horebu kinatuonyesha njia iliyo ya kawaida zaidi, maana baada ya upepo uliopasua majabali, baada ya tetemeko na baada ya moto, ambamo mote Mungu hakuwamo, ilikuja sauti ya chini, nyororo, nayo ndiyo iliyomfanya nabii ajifunike uso kwa vazi lake. Mtu aliyezoea vishindo peke yake angaliondoka mlimani akidhani hakuna kilichosemwa.

Lakini kisa kinachoeleza kwa ukamilifu jinsi usikivu huu unavyopita toka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo ni kile cha Shilo, cha mtoto Samweli na mzee Eli, nacho huanza kabla Samweli hajazaliwa. Hana, mamaye, alikuwa tasa, akidhihakiwa na mke mwenziwe mwaka baada ya mwaka, na siku moja alisimama mahali pa ibada akiomba kwa uchungu, midomo ikicheza na sauti isitoke. Kuhani Eli, aliyekuwa ameketi mlangoni, mtu aliyezeeka katika kazi ya sala, alimtazama akadhani amelewa, akamkemea. Hapo pana funzo kwa kila mwalimu wa dini: waweza kuitumikia madhabahu miaka mingi na bado ukashindwa kuitambua sala ya kweli inaposaliwa mbele ya macho yako. Ila Eli alikuwa na sifa moja njema, ya kuwa aliposahihishwa na mwanamke yule alikubali, akageuza kemeo lake likawa baraka.

Mtoto akazaliwa, akaachishwa ziwa, akapelekwa Shilo amtumikie Mungu mbele ya kuhani. Maandiko yanataja jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio: kila mwaka Hana alimshonea mwanawe kanzu ndogo akamletea wakati wa kuja kutoa dhabihu. Alijua kwamba mtoto hukua hata akiwa mbali na macho ya mzazi, na ya kuwa kanzu ya mwaka jana, hata iwe nzuri namna gani, itambana mabegani mwaka huu. Imani nayo hutaka kupimwa upya hivyo hivyo. Majibu yaliyomtosha mtoto wa miaka mitano, ya kwamba Mungu yuko mbinguni na huwapenda watoto watiifu, hayamwenei kijana wa miaka 15 aliyekwisha kumzika rafiki, aliyesoma biolojia, na aliyemwona mzee wa kanisa akidhulumu. Na kijana akiivua kanzu iliyombana, haifai kusema amekataa kuvaa nguo.

Kisha ukaja usiku ule mashuhuri. Macho ya Eli yalikuwa yamefifia, taa ya Mungu ilikuwa haijazimika bado, na zama zenyewe zilikuwa zama ambazo Neno lilisikika kwa nadra. Mtoto akasikia akiitwa kwa jina. Akatoka mbio kwenda kwa mzee, kama mtoto mwenye adabu aitikaye labeka, akaambiwa kwamba hakuitwa, arudi akalale. Jambo likawa mara ya pili, na mara ya tatu, na hapo ndipo Eli alipofahamu. Tazama basi alivyotenda. Hakudai kuwa sauti ile ilikuwa yake, ingawa mtoto alikuwa tayari kuamini hivyo. Hakujibanza mlangoni ili asikilize kwa niaba ya mtoto. Wala hakumfundisha hotuba, ila sala fupi, isiyozidi pumzi moja, ya kumwambia Bwana kwamba mtumishi wake yu tayari kusikia. Akamrudisha mtoto kitandani pake, gizani, peke yake na Mungu.

Ilipopambazuka Samweli aliogopa kusema, kwa kuwa ujumbe aliopewa ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli mwenyewe, ambaye wanawe wawili, Hofni na Finehasi, walikuwa wakinyang'anya sadaka na kufanya ufisadi mahali patakatifu, na baba yao akajua asiwazuie. Eli alimwita, akamwapiza asimfiche hata neno moja, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akakiri kwamba aliyenena ni Bwana na atende aonavyo kuwa vyema. Mzee huyu, aliyeshindwa na malezi ya wanawe mwenyewe, hapo alifaulu katika jambo gumu kuliko yote yanayotakiwa kwa mlezi wa imani: kupokea kweli kutoka kinywani mwa mtoto aliyemfundisha kusikia, hata kweli hiyo ilipomhukumu yeye.

Sisi Waswahili tunao usemi kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nao ni usemi wa hekima, kwa kuwa vizazi vingi vimeokolewa na hatari kwa kuwasikia waliotangulia. Kisa cha Shilo hakiupingi. Samweli alisikia la mkuu, akarudi kulala kama alivyoamriwa. Lakini kisa kile kinaongeza nusu ambayo usemi wetu hauitaji, kwamba mkuu naye asiposikia lililofika katika sikio la mdogo, guu litakalovunjika ni la nyumba nzima. Imani hupita salama toka kizazi hadi kizazi pale masikio yote mawili, la mzee na la mtoto, yanapoelekea sauti moja iliyo kubwa kuliko wao wote wawili.

Shule ya kwanza ya usikivu huo ni nyumba. Katika Kumbukumbu la Torati, agizo la kuwafundisha watoto sheria ya Mungu limetanguliwa na agizo la kusikia, na mahali pa kufundishia pametajwa kuwa ni pale watu wanapoketi nyumbani, wanapotembea njiani, wanapolala na wanapoamka; hakuna darasa lililotajwa. Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo, kijana ambaye baba yake alikuwa Myunani, alikumbuka imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Wanawake wawili, katika nyumba ya mchanganyiko wa mila, bila cheo chochote, walimlea kijana aliyekuja kusimamia makanisa.

Sasa itazame sala ya jioni kama isaliwavyo katika nyumba nyingi zetu. Jamvi limetandikwa, chakula kinanukia jikoni, baba amesimama akiomba. Anaomba kwa bidii, anawataja wagonjwa, wasafiri, wafiwa, viongozi wa nchi na ada ya shule, na maombi yake ni mema yote. Watoto wamefumba macho. Mdogo amekwisha kusinzia juu ya paja la dadaye. Amina ikatamkwa kwa pamoja, na kabla mwangwi wake haujaisha sahani zimeanza kulia. Hapana aliyekosa katika sala hiyo, na heri nyumba iliyo nayo kuliko nyumba isiyo na sala kabisa. Ila wote waliokuwapo wamejifunza, bila kuambiwa, ya kwamba katika mazungumzo ya binadamu na Muumba wake anayesema ni binadamu peke yake.

Mfikirie sasa bibi anayekaa na wajukuu jioni hiyo hiyo, akawasomea mistari michache ya mfano wa kondoo aliyepotea, polepole, mara mbili, kisha akanyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi kama kumi, halafu akauliza, akianzia kwa aliye mdogo kuliko wote, kila mmoja amesikia nini. Mdogo huyo akataka kujua wale kondoo tisini na tisa waliachiwa nani. Ni swali ambalo wanazuoni nao wamelihangaikia, na bibi mwenye busara hamcheki mtoto wala hakimbilii kumpa jibu la kumnyamazisha. Humwambia kwamba swali lake ni kubwa, waende nalo kulala, waliseme tena kesho. Mtoto huyo amefundishwa kwa dakika tano mambo matatu: ya kuwa Neno lasemeshana naye, ya kuwa kimya ni sehemu ya sala, na ya kuwa alichosikia kina thamani mbele ya wakubwa.

Kwamba imani iliyopandwa kwa namna hii huweza kusimama bila kushikwa mkono, historia ya Kanisa katika Afrika Mashariki inao ushahidi, na ushahidi huo uko Buganda. Wamisionari wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka wa 1877, na Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, wakafuata mwaka wa 1879. Novemba 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda kwa kuhofia hali ya mambo, wakavuka kwenda kusini ya Ziwa Viktoria, wasirudi hata Julai 1885. Kwa muda wa miaka karibu mitatu waumini wao walikaa bila padre na bila misa, wakiwa wachache, wengi wao vijana waliotumikia katika jumba la Kabaka. Waliporejea, mapadre hawakukuta magofu. Walikuta jamii iliyokua, kwa sababu waliojua kidogo waliwafundisha wasiojua, nyumba kwa nyumba, na wahudumu wa kifalme walikuwa wakikutana kwa siri kusali na kukumbushana mafundisho.

Wakristo wa huko wakati ule, Waanglikana kwa Wakatoliki, waliitwa wasomaji, na katika vitabu vya awali walivyojifunzia vilikuwamo vya Kiswahili, kwa kuwa Injili zilikuwa zimekwisha kufasiriwa Unguja na Askofu Edward Steere na wenzake kabla Kiganda hakijapata tafsiri za kutosha. Lakini kusoma kwao hakukuishia katika herufi. Joseph Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa na madaraka makubwa katika jumba la Kabaka Mwanga, mrithi wa Mutesa, na aliyekuwa mlezi wa vijana wa jumbani, alithubutu kumkemea mfalme kwa kuuawa kwa Askofu James Hannington, na kwa hilo, na kwa kuwalinda vijana wake, akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Siku ile ile Charles Lwanga alibatizwa, akachukua ulezi wa vijana waliobaki. Yaani mlezi mmoja alipoanguka, mwingine alikwisha kuandaliwa, na aliandaliwa na yule aliyeanguka.

Mwezi wa Mei 1886 Kabaka aligundua kwamba kijana Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini mhudumu mwenzake, na kwa kosa hilo la kufundisha alimwua. Usiku uliofuata, huko Munyonyo, Lwanga aliwabatiza wale ambao walikuwa bado katika mafundisho, mmoja wao Kizito, mvulana wa miaka ipatayo 14. Kulipokucha Kabaka aliamuru wanaosali wajitenge upande mmoja. Ndipo lilipodhihirika tunda la malezi yao, kwa kuwa saa ile hapakuwa na padre wa kuwajibia wala kitabu cha kufungua. Kila kijana aliamua kwa miguu yake mwenyewe mahali pa kusimama. Tarehe 3 Juni wengi wao walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na Waanglikana 23 hukumbukwa kwa taadhima ile ile. Mahujaji wanaofurika Namugongo kila mwaka hawana budi kukumbuka kwamba wanaadhimisha, pamoja na ushujaa wa kufa, ubora wa mafundisho yaliyotolewa na vijana kwa vijana.

Miaka 43 baada ya moto ule, katika kilima cha Namirembe, Kampala, walikutana watu wawili waliochoshwa na ubaridi wa Kanisa: Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, na Mganda Simeoni Nsibambi. Walikaa na Biblia kwa siku kadhaa mwezi wa Septemba 1929, wakitafuta Maandiko yanasema nini juu ya Roho Mtakatifu, kisha wakaomba. Nduguye Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha. Na kutoka hapo, katika miaka ya 1930, ukaenea uamsho uliofika Burundi, Uganda yote, Kenya na Tanganyika, hata Bukoba kwa Walutheri. Waliouingia huko Uganda waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Katika mikutano yao midogo askofu na mpishi, Mwafrika na Mzungu, waliketi duara moja, wakasoma, wakanyamaza, kisha kila mmoja akaeleza nuru imemwonyesha nini, akiitaja dhambi yake kwa jina lake pasipo kuivika shela.

Wapo waliozidisha ukali, na wapo walioumizwa na maungamo ya hadharani yasiyopimwa; lakini tusisahau mtoto aliyeketi pembeni mwa duara lile alikuwa akiona nini. Alikuwa akimwona baba yake akimwomba mama radhi mbele ya watu, akiwaona wakubwa wakirudisha vitu walivyoiba, akisikia kwamba Mungu husema na wazee wake juu ya bei za uongo na hasira za jana. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa Askofu wa Kigezi na mhubiri aliyesikika katika mabara mengi, alikuwa mwalimu kijana aliyeipa imani kisogo, na katika watu waliomwombea na kumshuhudia kabla hajageuka mwaka wa 1941 alikuwamo msichana mdogo wa jamaa yake mwenyewe. Alikasirishwa mwanzoni, lakini hatimaye akakiri kwamba waliomtangulia kusikia walisikia kweli.

Mambo haya hayakutokea Afrika peke yake. Mwaka wa 1954 huko Roma, mwanamke mwanazuoni wa Biblia na Kiebrania, Sofia Cavalletti, aliombwa amfundishe dini mtoto wa miaka saba, naye akakubali kwa shingo upande kwa kuwa hakuwa mwalimu wa watoto. Alifungua kurasa za mwanzo za Biblia wakasoma pamoja, na saa zilipokwisha aliona machozi katika macho ya mtoto, aliyehuzunika kwamba wakati umekwisha. Toka hapo, pamoja na Gianna Gobbi, mwanafunzi wa Maria Montessori, alianzisha njia ya malezi ambayo leo inafuatwa katika nchi nyingi. Watoto hukutana katika chumba chenye meza na viti vya kimo chao, ambamo sauti hushushwa na mwendo hupunguzwa. Mwalimu huleta zizi dogo la mbao, kondoo wadogo na mchungaji wao, akasoma maneno ya Yesu juu ya Mchungaji Mwema, akawasogeza kondoo polepole kumfuata, kisha huwaachia watoto vifaa hivyo.

Jambo kuu katika njia hiyo ni lile ambalo mwalimu halisemi. Hawaambii watoto kwamba kondoo wale ni wao. Huuliza tu, kwa mshangao wa kweli, ni kondoo gani hawa wanaopendwa namna hii na kuitwa kila mmoja kwa jina lake, kisha husubiri. Pengine husubiri majuma, pengine miezi. Siku moja mtoto, akiwa na kondoo wa mbao mkononi, huligundua jambo mwenyewe, na furaha inayomwingia saa ile haiwezi kuletwa na jibu lililokaririwa. Mwalimu asiyeweza kusubiri humnyang'anya mtoto furaha hiyo, akampa badala yake alama ya vema katika daftari.

Hapa mzazi mwangalifu atauliza kwa haki: je, kila sauti aisikiayo mtoto ni ya Mungu? Hasha. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, watoto wengi wakiwamo, wa kundi ambalo wafuasi wake walielezwa kuwa walifundishwa kufunga hata kufa ili wakutane na Kristo. Msiba ule ungetosha kutuzindua sote. Usikivu usio na kipimo ni mlango ulio wazi kwa wezi, na mtoto aliyefundishwa kutii kila anayesema kwa jina la Mungu hajafundishwa kumsikiliza Mungu.

Kanisa limekuwa na mizani ya jambo hili tangu kale. Ignatius wa Loyola, askari Mhispania aliyejeruhiwa mguu huko Pamplona mwaka wa 1521, alipokuwa kitandani akiuguza jeraha aliona kwamba ndoto za fahari na mapenzi ya kidunia zilimfurahisha kwa saa moja zikamwacha mkavu, na mawazo ya kumtumikia Kristo yalimwacha na amani iliyodumu. Akaanza kuzipima hali za moyo wake kwa kile zilichoacha nyuma, na toka hapo akajenga mafundisho yake ya kupambanua roho. Kwa lugha ya nyumbani twaweza kumwambia mtoto hivi: sauti ya Mungu haipingani na Neno lake wala na upendo, haichelei kuulizwa, haikutengi na wazazi wako kwa siri, haikuamuru kuudhuru mwili wako wala wa mwenzako, na matunda yake, ukiyangoja, ni amani, kweli na huruma. Mtoto aliyezoezwa kuvitumia vipimo hivyo juu ya mambo madogo ya kila siku ataweza kuvitumia siku atakapotokea mlaghai mwenye Biblia mkononi.

Vyombo vya kazi hii tunavyo tayari. Mapadre Weupe waliwataka wakatekumeni wangoje miaka minne kabla ya ubatizo, kwa kuamini kwamba imani haipikwi kwa haraka, na mafundisho ya kipaimara ya leo yaweza kuurudia moyo huo, yakapunguza sharti la kukariri na kuongeza saa za kusoma Injili kwa kituo, na kila kijana akapewa mzee mmoja wa kutembea naye hata baada ya kuwekewa mikono. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa nafasi ya kwanza katika miaka ya 1970, hukutana katika nyumba za watu. Ni mahali pafaapo mno kwa kijana kusoma, kuuliza na kusikilizwa, iwapo hatatumwa daima kuleta viti na soda. Na mzazi anao ushuhuda wake mwenyewe, ambao watoto wengi hawajapata kuusikia: siku aliyoomba akapewa, na siku aliyoomba asipewe, naye akaendelea kusali. Mtoto anayejua habari ya pili ataifahamu ya kwanza.

Gharama ya malezi haya ni kwamba vijana waliofundishwa kusikia watasema. Watauliza hesabu za michango ya kanisa. Watauliza kwa nini ukabila huamua nani awe mzee wa usharika, na kwa nini baba anayeongoza ibada huogopwa nyumbani. Baadhi yao watakosea, maana kusikia kwao bado ni kwa kujifunza, na hao hawana budi kusahihishwa kwa upole. Lakini baadhi watakuwa wamesikia sawasawa, na hapo ndipo itakapojulikana kama sisi tuliwaalika kwa Mungu au kwetu sisi. Kijana aliyeruhusiwa kuyasema hayo ndani ya nyumba ya Mungu hana haja ya kutoka nje ili ayaseme. Kazi hii haingojei semina wala bajeti ya dayosisi. Yaweza kuanza leo jioni, kabla ya chakula, kwa mzazi kufunga kinywa chake kwa dakika tatu baada ya kusoma Neno, kisha akamwuliza mwanawe swali moja ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake tayari.